Lisemwalo na Msemaji Wake

Wahenga walinena: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Methali hii aghalabu huwa ngao ya watu wapitishao habari katika simu zao bila ya kujua zilikotoka. Swali ninalotaka tulifikiri ni hili: mtu aliyepitisha uongo akiudhani kuwa ni kweli, je, ana hatia?

Wako wasemao kuwa hana, na hoja yao si dhaifu. Hatia hufuata nia, na nia ya mtu huyu mara nyingi ni njema: ataka kuwaonya ndugu zake. Hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hapa Tanzania, humtia hatiani atangazaye habari za uongo hali akijua kuwa ni za uongo, naye akikusudia kuupotosha umma. Asiyejua amesalimika.

Lakini na tuyatazame yaliyotokea India mwaka 2018. Filamu fupi iliyotengenezwa Karachi, nchini Pakistan, ili kuwafunza wazazi kuwalinda watoto wao, ilikatwa mwisho wake, pale mtoto aliyenyakuliwa na watu wa pikipiki aliporudishwa. Kilichobaki kilionekana kuwa wizi halisi, kikaenezwa kwa WhatsApp, pamoja na maonyo kwamba wezi wa watoto wameingia vijijini. Tarehe 1 Julai, katika kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, wapita njia watano waliodhaniwa kuwa wezi hao walipigwa na umati hadi wakafa. Hawakuwa wezi.

Aliyeikata filamu ile alijua alitendalo. Walioipitisha hawakujua, lakini lau kila mmoja wao angeizuia mkononi mwake, uongo ungalibaki kwa mtungaji wake. Hapo ndipo tuielewapo ile methali kwa uchungu. Lisemwalo halikuwapo, lilikuja kwa sababu lilisemwa.

Zamani habari ya msiba ililetwa na mjumbe anayejulikana. Wazee walimwuliza: Nani amekutuma? Umeona, au umesikia? Naye alijibu akitazamwa usoni. Simu imemwondolea mjumbe uso, haikumwondolea wajibu.

Sisemi kwamba kila mkulima na kila mwanafunzi awe mpelelezi, hilo haliwezekani. Wala sisemi kuwa hatia ya mpitishaji ni sawa na ya mtungaji. Nasema kwamba asiyeweza kuchunguza aweza kunyamaza, na aliye na hofu ya kweli aweza kuipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa polisi, badala ya kuimwaga kwa watu mia. Aliyekuwa na uwezo huo asiutumie hawezi kujitetea kwa kusema, "Nami nililetewa."

Basi mwalimu amfundishapo kijana kusoma, na amfundishe pia kuuliza maswali yale ya wazee kabla ya kidole chake kubonyeza. Kuuliza si ujinga, na maji yakimwagika hayazoleki.