Pale Kivukoni Waliulizwa Neno Moja
Neno: Waamuzi 12:1–6

Watu wa Gileadi wamekaa kwenye vivuko vya Yordani. Kila anayetaka kuvuka anaambiwa, hebu sema Shibolethi. Ulimi ukiteleza, ukasema Sibolethi, umekwisha. Hakuna aliyeuliza umefanya nini. Wakafa Waefraimu 42,000, na wote ni wana wa Israeli, ndugu kabisa!

Wazee wetu wanayajua haya. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Baring alitangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakusafiri tu hivi hivi. Ilibidi awe na kitabu cha pasi. Baadaye serikali ikatoa vyeti vya uaminifu, na hupewi mpaka uchunguzwe. Katika msako wa Nairobi wa Aprili 1954, watu walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia, macho tu yanaonekana. Yeye akikuonyesha, unaenda kizuizini. Uso wake huuoni, utamjibu nani? Hata kura ya 1957, kwa watu hao, ilitaka cheti. Na ukishahesabiwa mtu wa serikali, huko msituni wewe ni msaliti.

Lakini walikuwepo Wakristo wa uamsho waliokataa kiapo, wakakataa na bunduki ya homugadi. Wamekwisha kunywa damu ya Mwanakondoo, wangekunywaje nyingine? Pande zote mbili ziliwashuku. Wengine waliuawa.

Sasa mtasema, mchungaji, hayo ni ya Wakikuyu na Mzungu. Ehe? Mwanzoni mwa 2008, kwenye vizuizi vya barabara huku Bonde la Ufa, kitambulisho kilisomwa jina ili kabila lijulikane. Hiyo si Shibolethi?

Nije hapa Roret. Mchuma chai aliyetoka mbali anaingia kanisani, mlangoni anaambiwa, "Chamgei!" Salamu nzuri, mimi naipenda sana. Ila nimeona asiyejua kuijibu akionyeshwa benchi la nyuma, na ibada ikiisha hakuna anayemuuliza analala wapi. Wengine walikuja mara moja tu.

Kwa hiyo wazee wa kanisa wamekubaliana: kuanzia Jumatano hii, ushirika wa nyumbani utaendeshwa kwa Kiswahili. Wahudumu wa mlangoni, tuonane baada ya ibada.