Mtoto Aliyepungukiwa Udongo

Katika hadithi fupi ya Lu Xun ya mwaka 1921, Guxiang (tuseme "Kwetu"), yumo mtoto wa kibarua anayeitwa Runtu. Jina lake linaelezwa haraka, kisha hadithi inaendelea. Alizaliwa katika mwezi wa nyongeza, ule ambao Wachina huuingiza kila baada ya miaka michache ili kalenda ya mwezi isiachane na majira. Huo ndio "run". Halafu, kwenye hesabu ya kuzaliwa kwake, kati ya asili tano, udongo haukuwemo. Basi baba yake akamwongezea "tu", yaani udongo. Kile ambacho saa ya kuzaliwa ilimnyima, angekipata kila mara mtu anapomwita.

Wengi huisoma hadithi hii kama kisa cha urafiki uliouawa na tabaka, na ni kweli. Lakini hebu tubaki kwanza kwenye jina, maana ndani yake kuna swali ambalo halijazeeka: mtu akipungukiwa, upungufu huo uko wapi?

Hesabu yenyewe huitwa bazi, herufi nane. Mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa, kila kimoja huandikwa kwa herufi mbili, na kila herufi hubeba asili: mti, moto, udongo, chuma au maji. Asili hizi hulishana. Mti hulisha moto, moto huacha majivu ambayo ni udongo, udongo huzaa chuma, chuma huzaa maji, maji hukuza mti. Tena hudhibitiana: maji huzima moto, moto huyeyusha chuma, chuma hukata mti, mti hupasua udongo, udongo huzuia maji. Katika njia inayohusishwa na jina la Xu Ziping, iliyoenea tangu enzi ya Song, mtu mwenyewe husomwa kwenye herufi ya kwanza ya siku aliyozaliwa. Kisha mnajimu anauliza: huyu ana nguvu au ni dhaifu? Alizaliwa majira gani? Mtu wa mti aliyezaliwa katikati ya baridi kali hahitaji maji zaidi, ingawa kwa kawaida maji ndiyo hulisha mti. Anahitaji moto. Huo ndio yongshen wake, asili yake ya heri.

Wauza bangili na rangi za bahati mitandaoni hulipita mbio jambo moja hapa. Asili ya heri si lazima iwe ile isiyokuwemo. Unaweza kukosa chuma, na chuma kikija kikakuumiza. Baba yake Runtu alifuata toleo la mtaani, kilichopungua jaza, na bado wazazi wengi wa Kichina hufanya hivyo. Ndiyo maana kuna majina yenye herufi xin, iliyoundwa kwa kurundika chuma tatu, au miao, maji matatu. Mnajimu makini angewaambia wasubiri kwanza. Ni kama chumvi: huwezi kusema inafaa au haifai kabla hujaonja mchuzi.

Mimi sioni kwamba saa ya kuzaliwa inajua lolote kuhusu mtu. Hata hesabu yake inatia shaka. Mizunguko 60 ya miaka, miezi 12, mizunguko 60 ya siku na vipindi 12 vya siku vikizidishwa vinatoa michanganyiko 518,400. China ina watu zaidi ya bilioni 1.4. Kwa wastani, basi, kila mtu ana wenzake zaidi ya elfu mbili wenye herufi nane zilezile, na sidhani kama wote wanaishi maisha ya aina moja.

Hata hivyo wazo la asili ya heri nalipenda, kwa sababu linakataa dawa moja kwa wote. Tunaishi katika zama za mawaidha ya jumla: amka alfajiri, jitume, thubutu, usikate tamaa. Kwa mtu mvivu huenda ni maneno mazuri. Kwa mama ambaye hajalala vizuri miaka mitatu ni kumwongezea moto mtu anayeungua. Bazi inauliza kwanza hali ya mtu, kisha ndipo inasema kipi ni chema kwake. Swali hilo lina adabu ambayo ushauri mwingi wa leo hauna.

Tena, wazo hili halikai vizuri na majaaliwa yanayolizunguka. Kama yote yameshaandikwa, dawa ya nini? Anayetafuta asili yake ya heri tayari ameamini kwamba kuna mlango haukufungwa. Baba yake Runtu alikuwa mtu wa namna hiyo. Alimpenda mwanawe sana, akaogopa atakufa, akaweka nadhiri kwa miungu na kumvisha pete ya fedha shingoni ili asiponyoke. Hapo naona mzazi maskini akifanya kila kilichoko mkononi mwake, jina likiwa mojawapo. Hata huku pwani yetu wapo waliobadilishiwa jina utotoni kwa sababu liliwalemea. Sioni cha kucheka.

Shida inaanza Runtu anapokua. Msimulizi anarudi kijijini baada ya miaka zaidi ya ishirini, anamkuta mtu mzima mwenye mikunjo, mikono iliyopasuka kama gome, anayemwita rafiki yake wa utotoni "bwana mkubwa". Mtoto wa sita naye ameanza kusaidia kazi, lakini chakula hakitoshi. Mavuno ni mabaya, nchi haina amani, fedha zinadaiwa kila upande bila utaratibu. Askari, majambazi, maofisa na mabwana wa kijiji wamemkamua hadi amekuwa kama kinyago.

Sasa rudi kwenye herufi nane. Ziliuliza mwaka, mwezi, siku na saa. Hazikuuliza kodi ni kiasi gani wala shamba ni la nani. Zilipokuta pengo, zililiweka ndani ya mtoto. Hapo ndipo hesabu hii, hata ikifanywa kwa upendo, inapowapa nafuu wasiostahili: kama mimi ndiye niliyezaliwa nimepungukiwa, aliyenipunguzia hatafutwi. Mozi alikwisha kuliona hili karne ya tano kabla ya Kristo. Katika sura zake za kupinga majaaliwa anasema watawala waovu walipopoteza falme zao hawakukiri kwamba walitawala vibaya. Walisema ndivyo walivyopangiwa.

Na sisi tusiopiga bazi hatuko mbali. Tunasema fulani "hana nyota", au kwa lugha ya semina, "hana mtazamo wa mafanikio". Maneno ni tofauti, ila pengo tunaliweka palepale, ndani ya mtu.

Lu Xun hakumfanya Runtu mjinga, wala msimulizi mwerevu. Anapoambiwa achague vitu visivyobebwa, Runtu anaomba meza mbili, viti vinne, mizani, chetezo na vinara vya mishumaa. Msimulizi anamcheka moyoni kwa kuendelea kuabudu sanamu. Baadaye, akiwa ndani ya boti, anajiuliza kama hilo analoliita tumaini si sanamu pia, aliyoichonga mwenyewe.

Lakini kuna ombi moja zaidi ambalo ni rahisi kulipita. Runtu anaomba majivu yote ya jikoni. Kwao hupikia majani makavu, na majivu ni mbolea ya ardhi ya mchanga. Moto huacha majivu, majivu ni udongo. Yaani mtu huyu alijua vizuri asili yake ya heri ni ipi, na angekuja kuichukua kwa boti. Nadhani hata baba yake, angeulizwa mapema, angetaja ardhi kabla ya jina. Jina alilitoa kwa sababu ndilo pekee alilokuwa nalo la kutoa.