Mshahara wa Mhandisi na Maji ya Nyamwamba

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Sisi tunaosoma Masomo ya Kiislamu huitwa "shehe" hata kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza, na anayeitwa shehe huulizwa. Likizo iliyopita, kwetu Bwera, ndugu yangu mmoja anayesomea uhandisi wa kemia aliniuliza hivi: "Shehe, nikiajiriwa kiwandani, nikafanya kazi yangu vizuri, lakini taka za kiwanda zikaingia mtoni, mshahara wangu ni halali?"

Swali hilo lina mizizi yake hapa Kasese. Mgodi wa Kilembe ulitoa shaba kuanzia 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shaba ilipelekwa Jinja kwa reli ikayeyushwe, na mabaki yakarundikwa kwetu. Ndani ya mabaki hayo mlikuwa na pairiti, jiwe la chuma na salfa, lenye kobalti kidogo. Pairiti ikikutana na hewa na maji huzaa asidi ya salfa, na asidi hiyo huyeyusha metali na kwenda nazo. Mvua ikayaosha marundo miaka mingi, maji yakateremka ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth kuelekea Ziwa George, na majani yakafa pale yalipopita.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wa kiwanda cha kobalti cha Kasese walichukua mabaki yale yale, wakayatia kwenye matangi yenye bakteria wanaoharakisha mmenyuko ule ule, wakapata kobalti ya kuuza. Nje ya tangi ilikuwa sumu, ndani ya tangi ikawa riziki. Tofauti ilikuwa usimamizi.

Kwa hiyo elimu yenyewe haina lawama. Imam Ghazali katika Ihya aliihesabu tiba kuwa faradhi kifaya, akasikitika kwamba watu wanasongamana kwenye fiqhi na kuiacha miji bila tabibu Mwislamu. Kemia nayo ni hivyo hivyo. Nenda Katwe uone: kiwanda cha chumvi kilichojengwa kwa gharama kubwa kilishindwa kwa sababu maji ya ziwa yaliyala mabomba yake, na mpaka leo mama zetu na kaka zetu wanasimama ndani ya maji makali wakivuna chumvi kwa mikono. Kukosa wajuzi nako ni madhara.

Je, hilo linatosha kuuhalalisha mshahara? Wapo wanaosema mhandisi ni mwajiriwa tu, dhambi ya taka ni ya mwenye kiwanda. Wapo wanaosema aondoke mara moja. Kauli ya kwanza inasahau kwamba elimu ni amana. Mama anayechota maji ya Nyamwamba haoni shaba iliyoyeyuka ndani yake, na mpiga koleo haioni pia. Anayeijua ni yule mwenye kipimo. Kauli ya pili nayo ina kasoro: wachamungu wote wakiondoka, nani atabaki penye bomba? Kuondoka kunaweza kumsafisha aliyeondoka, lakini hakumpunguzii sumu anayekunywa.

Nilimjibu hivi. Matokeo ya maabara ni ushahidi. Mhandisi anapotia saini kwamba maji ni salama, anasimama mahali pa shahidi mbele ya watu asiowajua. Akipima kwa ukweli, akaripoti, akakataa kubadilisha tarakimu, basi ametimiza kazi anayolipwa na mshahara wake ni wa jasho lake. Siku atakayoandika tarakimu ya uongo ili kiwanda kisisimame, pesa ile ni bei ya ushahidi wa uongo, na uzito wa dhambi hiyo sote tunaujua. Na ikiwa ripoti zake zinatupwa kila mara na madhara yanaendelea, hapo ndipo kuondoka na kusema hadharani kunakuwa wajibu, kwa kadiri ya uwezo wake.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Uwezo wenyewe, shehe, ni ada za wadogo zangu wanne." Sina jibu la kuufanya mzigo huo uwe mwepesi. Lakini mzigo huo hatakiwi kuubeba peke yake, na hapa ndipo tunapoingia sisi.

Wanazuoni wetu hufundisha kwamba hukumu juu ya kitu hutanguliwa na kukifahamu. Kabla sijamjibu, ilibidi anieleze pairiti kwa saa nzima. Faradhi kifaya haiondoki shingoni mwa umma kwa kuhesabu shahada zilizotolewa. Inaondoka haja ya watu inapotoshelezwa. Mafuriko ya Nyamwamba ya 2013 na 2020 yalibomoa Kilembe, na mto huo bado unapita kando ya mabaki ya mgodi. Darsa zetu za wiki ziwaite wanafunzi wa uhandisi waje kufundisha, nasi tuwafundishe fiqhi ya amana na ushahidi. Na misikiti yetu iwe tayari kusimama na mhandisi atakayefukuzwa kazi kwa kusema kweli, imtafutie riziki nyingine kabla hajalazimika kuchagua kati ya ada na saini.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.