Je, Elimu ya Viumbe Yamwondolea Mungu Kazi Yake?



Huenda mmoja wenu ajiuliza moyoni: "Shuleni nafundishwa kwamba viumbe vyote vyatokana na viumbe vidogo vya zamani. Katika dini naambiwa Mungu ndiye Muumba. Nishike lipi, niache lipi?" Swali hilo ni la haki, tusilikemee.

Ninyi wa Kasongo na Kabambare mwawajua ndagala watokao ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470 hivi. Chini ya mita 200 samaki hawezi kuishi, kwa kukosa hewa. Walakini humo gizani huishi viumbe vya chembe moja tu, visivyoonekana kwa macho.

Bahari nayo ina viumbe vyake vya namna hiyo. Mwaka 2006 wataalamu wa Japani walichota tope katika kina cha mita 2,500 na zaidi. Kiumbe kimoja cha tope hilo walikitunza kwa miaka mingi, wakatangaza habari zake mwaka 2020. Vipange elfu moja mstari mmoja: havitafika milimita moja! Lakini alama kadhaa za urithi zilizomo ndani yake zafanana na zile za chembe za miti, za wanyama na za miili yetu. Kwa hiyo wataalamu wengi wasema kwamba chembe zetu zilitokana, zamani sana, na jamaa za viumbe hivyo.

Je, habari hii yamfukuza Mungu? Hasha! Kila mmoja wetu alianza tumboni mwa mama yake akiwa chembe moja, akakua kidogo kidogo. Nani athubutuye kusema: "Nilikua tumboni, basi Mungu hakuniumba"? Mtaalamu aeleza njia. Imani yatujulisha Mwenye njia. Papa Pio XII alifundisha mwaka 1950 kwamba wataalamu waweza kuchunguza asili ya mwili wa mtu. Bali roho yaumbwa na Mungu mwenyewe.

Basi, kuukataa ukweli ili kumtetea Mungu ni kosa, maana Mungu hahitaji uongo wetu. Tena kujivunia elimu na kumsahau aliyetupa akili ni kosa vilevile. Soma shuleni kwa bidii, njoo kwenye mafundisho kwa moyo mnyofu. Shika yote mawili.