Utamu na Uchoyo

Je, ni aibu kwa mtu mzima kupenda peremende? Mimi ni mwalimu mwenye umri wa miaka 35, na mapenzi hayo yaliyonishika utotoni hayajaniacha. Niipendayo kupita zote ni Quality Street, mchanganyiko wa tofi na chokoleti ulioanza kutengenezwa Halifax, Uingereza, mwaka 1936. Kila Desemba huinunua katikati ya jiji la Nairobi na kuupakata mkebe wake ndani ya matatu hadi Kangemi.

Siku moja mtoto wa jirani alinikuta nikila. Nilimpa peremende ya duka la hapa kwetu, nikausukuma mkebe nyuma ya kiti. Akauliza, "Mwalimu, na zile ni za nani?"

Nilijiambia kwamba mtoto hajui tofauti. Huo ulikuwa uongo. Ulimi haungojei elimu. Tena kakao haioti Uingereza: zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Cote d'Ivoire na Ghana. Zao la Afrika lilivuka bahari, likavishwa karatasi za kung'aa, likarudi kunifanya nijione bora kuliko jirani yangu. Nikikana kwamba ni tamu kuliko za hapa nitakuwa mnafiki. Lakini nilikuwa nikilinda nini hasa, ladha au fahari ya kuwa nayo peke yangu? Nashuku ilikuwa fahari.

Jumamosi nilimwita, nikamfunulia mkebe. Akachagua ya zambarau, iliyosalia moja tu, nami huipenda kuliko zote. Kusema kweli, iliniuma.