Je, Yafaa Kuipenda Picha ya Maumivu?

Liko swali lionekanalo dogo, lakini likichunguzwa lagusa moyo: Je, yafaa mtu kuipenda picha ionyeshayo mateso, na kuiita nzuri?

Nauliza kwa ajili ya picha moja niipendayo kuliko zote nilizopata kuziona. Imo katika mji wa Colmar, nchi ya Ufaransa, katika nyumba ya makumbusho iitwayo Unterlinden. Nyumba hiyo zamani ilikuwa ya watawa wa kike, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1853. Mchoraji ni Mjerumani, Matthias Grünewald. Aliichora yapata miaka ya 1512 hata 1516, juu ya mbao za madhabahu ya watawa wa Mtakatifu Antonio huko Isenheim.

Kazi ya watawa hao ilikuwa kuwauguza watu wenye ugonjwa ulioitwa Moto wa Mtakatifu Antonio. Siku hizi chanzo chake chajulikana: ni kuvu yenye sumu iotayo katika nafaka. Maskini waliokula mkate wa nafaka ile waliungua ndani kama kwa moto. Viungo vyao vikawa vyeusi, vikafa, hata vikakatwa. Watu wa namna hiyo ndio waliochorewa picha hii.

Basi Grünewald hakuwapa Bwana Yesu mwenye mwili laini. Alimchora msalabani, mwili umejaa vidonda, ngozi imebadilika rangi, vidole vimekakamaa. Nilipomtazama, kwanza nilitaka kugeuza uso. Kisha sikuweza kuondoka. Nilimfikiri mgonjwa wa siku zile, ambaye jamaa zake walikuwa wakimkimbia kwa ajili ya harufu yake. Pale alimwona Mwana wa Mungu mwenye mwili kama wake. Tena milango ya madhabahu ilipofunguliwa siku za sikukuu, alimwona Bwana yule yule amefufuka, anang'aa kama jua, ngozi yake safi, ila alama za misumari zimebaki.

Labda mtu atasema: "Wao walikuwa wagonjwa, picha ilikuwa yao. Bali sisi tuliokuja na afya zetu twaistarehea huzuni isiyo yetu. Afadhali mtu akae nyumbani akamtazame jirani aliye mgonjwa." Neno hili lina nguvu, wala halifai kudharauliwa. Mtu aweza kweli kusifu rangi nyekundu ya damu, akasahau kwamba damu hutoka kwa mtu.

Lakini tuwaangalie wale watawa. Hawakutoa picha badala ya mkate. Waliwapa wagonjwa mkate ulio safi, na dawa ya kupaka, na kitanda. Tena wakawapa na picha. Kwa nini? Kwa sababu mgonjwa ana njaa mbili. Mkate hushibisha tumbo, lakini haujibu swali lile aulizalo usiku: Je, nimeachwa? Asiyempa mkate amemdhulumu. Naye ampaye mkate tu, bila kumwangalia usoni, amemsaidia nusu.

Tena, kando ya msalaba amesimama Yohana Mbatizaji, na mwana-kondoo miguuni pake. Yohana aliuawa kabla ya Bwana kusulibiwa, na kila asomaye Injili ajua hivyo. Hata hivyo mchoraji amemweka pale, na kidole chake kirefu chaelekea kwa Bwana. Mimi naona jibu la swali letu katika kidole hicho. Picha iliyo njema haisemi, "Nitazameni mimi." Hulielekeza jicho mbele, kwa mwingine.

Kwa hiyo kuipenda picha ya maumivu si dhambi, ila kuna kipimo chake, nacho hakimo ndani ya makumbusho. Mtu aliyesimama saa nzima mbele ya vidonda vya rangi, je, aweza kukaa robo saa mbele ya kidonda chenyewe, asigeuze uso? Akiweza, picha imemfundisha. Asipoweza, ameona mbao na rangi tu, hata akiisifu namna gani.

Nawe msomaji, huna haja ya kufika Colmar ili upimwe. Kipimo kile kile chakungoja katika nyumba ya mgonjwa wa mtaa wako.