Mbwa Kali ni Nani?



Kwenye geti langu kuna kibao cha bati chenye maneno mawili ambayo kila Mkenya anayajua: MBWA KALI. Ukweli ni kwamba mbwa wetu, Simba, hana ukali wowote. Mchana tunamfunga, usiku tunamfungulia, na mwizi akija nadhani atamwonyesha njia. Kwa muda mrefu nilidhani kile kibao ni uongo mdogo wa kulinda boma. Kumbe hakikuwa uongo. Kilikuwa kinamsema mtu mwingine.

Mwaka jana Simba aliniuma. Nilikuwa nimempelekea ugali wake wa jioni, nikamshika mguu wa nyuma nimsogeze, akageuka ghafla akanibana mkono kwa meno. Damu haikutoka, na chanjo alikuwa nayo, lakini niliruka. Je, nilimfukuza? La. Nilichuchumaa nikamwangalia vizuri, nikaona mwiba umeingia katikati ya vidole vyake na pale mahali pameanza kutunga usaha. Tukautoa, tukamwosha kwa maji ya chumvi. Usiku nikamwambia mke wangu, "Maskini, kumbe alikuwa anaumia."

Mama watoto akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na ndugu yako, Baba, yeye ulimwangalia mguu?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimemkopesha ndugu yangu mdogo shilingi 40,000 aanze kufuga kuku. Alisema atarudisha baada ya miezi sita. Miezi sita ikapita, mwaka ukapita. Nikimpigia simu hashiki. Siku aliyoshika akanijibu kwa ukali, "Kaka, kwani mimi kwako nimekuwa pesa tu?" Akakata. Nikaifuta namba yake. Tukikutana kwa mambo ya familia, mimi nakaa upande ule mwingine wa hema. Na Jumapili niko mbele kanisani, mikono juu, nasifu.

Mpendwa, angalia hapo. Mbwa aliponiuma, nilitafuta sababu. Ndugu yangu aliponiuma, nilitafuta kosa.

Kuna msemo siku hizi, na hata mimi nimewahi kuusema: afadhali mbwa kuliko binadamu. Mbwa hakusengenyi, hakuulizi ulikuwa wapi, ukirudi nyumbani mikono mitupu bado anakutikisia mkia. Lakini tuwe wakweli. Mbwa hatusamehi, kwa sababu hajui tunadaiwa nini. Hana daftari la madeni. Kumpenda yeye ni rahisi kwa sababu hatujibu, hatukumbushi ahadi tulizovunja, wala hatuambii kwamba na sisi tumekosa. Ndugu yako anakujua. Ndiyo maana kuishi naye ni kazi, na ndiyo maana kazi hiyo ina thamani.

Basi sisemi mbwa ni mtakatifu kuliko watu. Fundisho lake kwangu ni lingine. Alinionyesha kwamba uvumilivu ninaosema sina, ninao. Tunaomba, "Bwana, nipe moyo wa subira," na moyo wenyewe uko. Tunautumia pale kwa kibanda cha mbwa tu, na tukifika kwa mtu tunaufungia. Siwezi tena kumwambia Mungu kwamba sijui kumtafutia mwingine sababu. Nilifanya hivyo jioni moja, kwa tochi, nimechuchumaa kwenye tope.

Soma Hesabu 22. Balaamu alimpiga punda wake mara tatu. Punda alikengeuka njiani, akambana mguu ukutani, mwishowe akalala chini naye juu yake. Kwa macho ya Balaamu huo ulikuwa ujeuri. Hakuuliza, alipiga. Mungu alipomfungua punda kinywa, mnyama huyo alimkumbusha kwamba amembeba miaka mingi, akamuuliza kama amewahi kuwa na tabia hiyo. Balaamu akakubali kwamba hapana. Sababu ilikuwepo: malaika mwenye upanga mbele yao. Nabii hakumwona, punda alimwona. Ni mara ngapi mtu tuliyemjua tangu utotoni amebadilika ghafla, nasi tukashika fimbo bila kuuliza, "Je, huyu ndivyo alivyo siku zote?"

Usinielewe vibaya. Sababu haifuti kosa, na hekima haikatazwi. Mbwa mwenye kichaa hatumkumbatii. Akikuuma, unaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha unakimbia hospitali kuchanjwa. Vivyo hivyo, anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie tu. Atafutiwe usalama na msaada. Lakini wengi tuliowafungia geti hawana kichaa. Wana mwiba.

Niliitafuta namba ya ndugu yangu kwa shangazi. Jumamosi iliyofuata akaja. Simba ndiye aliyetangulia kufika getini, akilia kwa furaha na kujipinda mwili mzima, kwa maana ni ndugu yangu huyo aliyemleta kwetu akiwa mtoto, ndani ya katoni. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na funguo mkononi, na kile kibao kiko kati yetu. Hapo ndipo nilipojua kilimsema nani.

Tulipokunywa chai akaniambia. Kuku hawakuwahi kununuliwa. Wiki ileile mtoto wake alilazwa, pesa zikaishia kwa bili, naye akaona aibu kuniambia. Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu polepole, "Kaka, ulikuwa unaanza na deni kabla hata ya salamu." Sikuwa na jibu. Deni bado lipo, analipa kidogo kidogo, na miezi mingine halipi. Lakini sasa naanza na salamu.

Wiki hii, mpendwa, kabla hujamtajia mtu kosa lake, muulize anaumia wapi. Ukiona hataki kujibu, subiri, kama unavyosubiri mnyama atulie ndipo umshike mguu.

Bwana atupe neema ya kufungua geti. Amina.